Mchungwa wa Kwenye Debe

Mwanzange, Tanga,
17 Septemba 1975.

Dada yangu mpendwa Mwantumu,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wanao wote wanne, na kwamba saumu haiwachoshi sana kwa jua la huko. Sisi huku hatujambo kiasi. Mke wangu Tatu anakusalimu, watoto wanamwamkia shangazi yao, na kile kikohozi ulichokiulizia kimebaki cha asubuhi tu. Nikishaingia ghalani na kuanza kubeba marobota ya katani nakisahau.

Kabla ya yote nakupongeza. Nilipofungua bahasha yako nilidhani kuna mtoto wa shule aliyekosea anwani. Nikatazama chini nikaona jina lako, nikavuta kiti nikakaa. Umeandika mwenyewe! Nilimwita Tatu kutoka jikoni aje aone. Herufi zako zimeinama upande mmoja kama watu wanaopanda mlima na mizigo kichwani, lakini zote zimefika juu. Hao walimu wenu wa kisomo cha watu wazima Mungu awalipe. Miaka yote hii nimekuandikia nikijua kwamba Mwalimu Simeo ndiye atakayekusomea, tena kwa sauti ya darasani, na nusu ya ukoo wamekaa wanasikiliza. Mtu hawezi kufungua moyo wake mbele ya watu thelathini. Leo ni mara ya kwanza ninaandika kwa ajili ya macho yako peke yako. Ndiyo maana barua yenyewe ni ndefu, na ndiyo maana sikuitia posta, nimempa Semboja mkononi. Huyu ni Mshambaa wa Mkumbara, tunafanya naye kazi, na lori lake linakuja Korogwe mpaka Handeni wiki hii. Pamoja na barua atakukabidhi mzigo. Usiushangae, nitakueleza.

Sasa nije kwenye barua yako. Umeniambia kwamba Mwenyekiti wa kijiji amekwisha kupima viwanja kwa kamba, kila kaya na chake, na kwamba asiyesimamisha nguzo zake kabla ya Idd, kiwanja chake kitapewa mwingine. Umesema wewe hujachukua wala hutachukua. Huwezi kukaa kwenye ardhi ya kupimiwa kwa kamba kama kitambaa cha dukani, na hali ndugu yako wa tumbo moja ana ardhi yake mjini. Idd ikipita utafunga virago uje na watoto, nikukatie upande ule baba alikopanda miche yake, ujenge chumba chako ukae karibu na kaburi lake. Maneno hayo nimeyasoma mpaka nayajua kwa moyo. Nakuomba sana, dada, usimjibu Mwenyekiti neno lolote mpaka uimalize barua hii. Na uisome taratibu, hata pale utakapotaka kuichana.

Unakumbuka nilivyoipata nyumba. Nilikuja Tanga mwaka ule wa Uhuru, na kwa miaka tisa nilikaa chumba cha kupanga kule Ngamiani, mwenye nyumba akipandisha kodi kila anapomwoza binti, na mabinti alikuwa nao wengi. Nilipooneshwa nyumba hii ya Mwanzange sikulala. Ni ya miti na udongo, lakini mabati yake ni mazima, ina vyumba vinne na ukumbi, minazi imeizunguka pande tatu, na upepo wa bahari unaingia mpaka chumbani bila kubisha hodi. Nilipokabidhiwa ufunguo nilijiona nami ni mtu. Siku hiyo hiyo niliwaandikia kwamba nimenunua nyumba na kiwanja. Wewe ndiye uliyenisimulia baadaye kwamba baba alimwomba Mwalimu Simeo ayarudie maneno hayo mara mbili, kisha akachinja mbuzi. Mwana wa Mhina ana ardhi mjini! Habari zikafika mpaka kwa watu ambao hata hatuna undugu nao.

Ndipo mwaka jana watu wakahamishwa kwenda kijiji kipya. Wewe ulikubali, baba akakataa. Alisema ikiwa ni lazima kuliacha kaburi la mama, basi atahamia kwenye ardhi ya mwanawe, hatahamia kwingine. Nilikwenda kumpokea stendi ya mabasi. Alishuka na jembe, msahafu, na miche mitatu ya mchungwa aliyoifunga kwa majani ya mgomba, yote ameichimbua chini ya ule mchungwa ulio kichwani pa mama. Kondakta alinilalamikia kwamba mzee huyu aliteremka Korogwe ya zamani akaenda mtoni kuilowesha miche yake, basi zima likamngoja, na alipoulizwa akajibu kwamba abiria wake watatu wana kiu.

Tulipofika nyumbani, hata maji hajanywa, aliniuliza mpaka wetu unaishia wapi. Nikanyoosha mkono kuelekea kwenye minazi. Alitembea mpaka kule, akarudi akihesabu hatua, uso wake umejaa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu mama afariki. Na wewe unaijua desturi yetu. Mtu akifika mahali hupanda mti kwanza, ndipo atandike kitanda, ili watu waone kwamba amekaa, hapiti. Akaupanda mche wa kwanza nyuma ya jiko siku hiyo hiyo. Miwili akaiweka kwenye makopo, akasema mtu hapandi vyote kwa mkupuo.

Mji wenyewe hakuupenda sana, nadhani nilikuandikia. Maji ya kisima yalimshinda kwa chumvi. Alishangaa watu wananunua hata kisamvu. Nilimpeleka kuitazama bahari, akaitazama kwa adabu kama mtu aliyeoneshwa mtoto wa watu, kisha akasema maji mengi namna ile na hayapiki ugali. Lakini kila asubuhi akitoka msikitini alikwenda nyuma ya jiko kuutazama mchungwa wake, na mimi nikimwangalia kwa dirishani. Hapo alikuwa yuko kwake.

Miche ile niliwaandikia ilivyokwisha. Wa kwanza uliliwa na mbuzi. Baba akapanda wa pili, akauzungushia uzio wa miba, nao ukaliwa. Alikasirika, akaenda kugombana na jirani yetu Mama Filomena, mjane wa Kishambaa aliyekuwa na mbuzi mmoja tu. Mama wa watu aliapa kwa Mungu wake kwamba mbuzi wake hafunguliwi kabla ya jua kupanda. Baba hakutaka kusikia. Wiki ile ile Mama Filomena akamuuza yule mbuzi ili amani irudi. Zikapita siku kadhaa. Kisha nilimkuta amekaa kibarazani na debe tupu la mafuta ya kupikia, analijaza udongo, anaupanda mche wa tatu humo. Nilimuuliza kwa nini asiupande chini sasa mbuzi hayupo tena. Akanijibu kwamba huu anataka uwe karibu naye. Sikuuliza zaidi. Nilishukuru moyoni, na sababu ya kushukuru utaisoma mbele.

Mwezi wa Agosti akaanza homa, na kifua kikambana. Hospitali tulikwenda, dawa tulipata, lakini mwili wake ulikuwa umekwisha kuamua. Siku mbili kabla hajafariki aliniita, akaniambia kwamba yeye akiondoka, debe lile nilipeleke kwa Mwantumu, kwa sababu Mwantumu ana ardhi. Nilicheka kidogo ili kumchangamsha, nikamwambia Mwantumu naye ana nini, si amepimiwa kwa kamba tu. Akasema kamba ni kitu kizuri, maana mtu anajua inapoishia. Nilidhani ni homa inayosema. Tarehe kumi na tatu akatutoka alfajiri, nikiwa nimemshika mkono. Simu ya upepo niliyokutumia ilikufikia tumekwisha kumzika, na najua hilo bado linakuuma. Nami linaniuma. Arobaini yake inatimia Jumapili hii.

Dada, nimezunguka vya kutosha. Nyumba ni yangu, lakini kiwanja si changu. Hakijapata kuwa changu hata siku moja.

Hapa pwani wana utaratibu ambao kwetu haupo. Mtu anaweza kununua nyumba, lakini ardhi iliyo chini yake ikabaki ya mwingine. Mimi nilinunua miti, udongo, milango na mabati. Kiwanja na minazi ni mali ya Mzee Mbwana, tangu enzi za babu zake, nami humlipa kodi ya kiwanja kila mwaka. Imeandikwa kwenye hati tuliyotia sahihi, na chini yake kuna sharti moja: nisipande mti wowote wa kudumu. Mboga ruhusa, mahindi ruhusa, mti hapana. Kwa sababu hapa pia mti ni ushahidi, dada, kama kwetu. Aliyepanda mti leo, kesho atadai ardhi iliyo chini yake, na wazee wataulizwa, na wataukuta mti umesimama. Nilipowaandikia nyumba na kiwanja nilijua ninachokiandika. Niliona nikiandika nyumba tu, Mwalimu Simeo ataisoma, na mjomba atauliza nyumba bila ardhi ni nyumba gani, na watu watacheka. Nikaongeza neno moja. Baada ya baba kuchinja yule mbuzi nikashindwa kulirudisha.

Wiki tatu baada ya baba kuupanda mche wa kwanza, Mzee Mbwana alikuja wakati baba yuko msikitini. Hakunifokea. Ni mtu wa heshima. Aliniambia kwamba mzee wangu ni mzee wake, lakini mti ule ukitoa maua watoto wake watakuja kupata taabu na watoto wangu. Niuondoe, au nibomoe nyumba nichukue mabati yangu nimwachie ardhi yake. Wapo watakaokuambia kwamba siku hizi ardhi ni ya taifa na Mzee Mbwana hana nguvu hiyo. Pengine ni kweli. Lakini sikuthubutu kupeleka shauri kwa balozi wa nyumba kumi, maana shauri lingesikika, na baba angelisikia. Nilichokitaka ni baba asijue. Basi.

Hapakuwa na mbuzi. Ni mimi. Asubuhi moja, baba akiwa bado yuko kwenye darsa baada ya sala, niliung'oa mche nikautupa jalalani. Nikamwambia mbuzi. Alipopanda wa pili na kuuzungushia miba, niliitoa ile miba mmoja mmoja, nikaung'oa, nikairudisha miba vibaya ili ionekane imesukumwa. Mikono yangu ilitoka damu, na baba alipoiona nikamwambia ni katani. Kisha nikasimama mlangoni pangu nikimsikiliza akimgombeza Mama Filomena, na Mama Filomena akiapa, na mimi kimya. Naona aibu, dada. Naiona hata sasa ninapoandika, na hakuna mtu anayenitazama.

Siku ya tatu ya msiba Mzee Mbwana alikuja kuhani. Watu walipopungua aliniomba tukae pembeni. Akaniambia kwamba kuna neno aliloahidi kulificha, lakini aliyemwahidi amekwisha kwenda na yeye hataki kubaki nalo. Akasema baba aliukuta mche wa pili jalalani. Mkulima wa miaka sitini, dada, ningemdanganya vipi? Aliushika akauona mzima, majani yote yapo, mizizi imevutwa, hapana jino la mbuzi lililopita. Aliulizauliza mtaani mwenye minazi ile ni nani, akaelekezwa, akaenda mwenyewe mpaka kwa Mzee Mbwana na kofia yake mkononi, kuuliza mpaka wa mwanawe uko wapi. Akaambiwa kwamba mpaka wa mwanawe ni kuta. Baba akamwomba radhi kwa kupanda kwenye ardhi ya watu bila idhini. Kisha akamwomba jambo moja, kwamba mimi nisijue kuwa yeye anajua. Mzee Mbwana alimuuliza kwa nini. Baba akamwambia kwamba kijana amebeba kitu kizito kwa ajili ya kumfurahisha babake, na akijua kwamba babake amekiona, kitamwangukia.

Akitoka hapo alikwenda kwa Mama Filomena na kikapu cha mihogo, akamwomba msamaha. Hakumwambia ni nani aliyeng'oa. Mama Filomena alinieleza hayo juzi, nilipokwenda hatimaye kumwambia mimi mwenyewe. Alinipa kiti tu. Ndipo baba akaja na lile debe. Alikaa miezi minne kibarazani kwangu akimwagilia mti usiogusa ardhi ya mtu, na kila nilipopita alinisalimu kama kawaida, na kila jioni aliniombea dua mbele ya wanangu.

Basi, dada yangu, kachukue kiwanja chako. Nenda kesho, usingoje Idd. Huku hakuna upande wa kukukatia, na pale baba alipopanda si petu. Nilijua nikikuacha uje ungekuta ukweli mlangoni ukiwa umekwisha kupoteza kwako, na watoto wanne mkononi. Kwa siku mbili niliwaza nikuache uje, nitunge neno jingine ukishafika. Nakuambia hata hilo, ili ujue mdogo wako ni mtu gani. Mlango wangu ni wako, njoo uzuru kaburi, ukae mwezi mzima ukipenda, lakini uje ukiwa na kwako pa kurudi. Wewe uliyepimiwa kwa kamba ndiye mwenye ardhi katika watoto wa Mhina. Baba alilijua hilo kabla yetu.

Debe ilinipasa nilitume siku ile ile matanga yalipokwisha. Nimekaa nalo wiki tano, kwa sababu kulituma ni kueleza. Jana niliinama kulinyanyua nimpelekee Semboja, halikunyanyuka. Nikadhani ni uzito wa maji. Nikalivuta kwa mikono miwili, likagoma. Nilipolilaza upande nikaona kitako kimeliwa na kutu, na mzizi mmoja mnene umepita pale ukaingia ardhini. Nilisimama na panga mkononi mpaka Tatu akaja kuniuliza nina nini. Kisha nikaukata. Nililia mbele ya wanangu, sikuweza kujizuia. Kati ya miche mitatu ya baba hakuna hata mmoja ambao mkono wangu haukuufikia.

Majani yamelegea kidogo tangu jana, lakini shina ni bichi. Nimelifunga debe kitako kwa gunia na nimemwambia Semboja alilaze mahali penye kivuli, akifika mtoni Korogwe alimwagie maji, kama baba mwenyewe alivyofanya.

Nisalimie watoto mmoja mmoja kwa jina lake, na mjomba, na Mwalimu Simeo. Barua hii usimsomee mtu kama hutaki, na ukitaka wasomee wote, nimekwisha kubali. Sikuombi msamaha kwa barua, nitakuja kuuomba kwa mdomo ukinipa ruhusa. Jumapili tutamsomea baba hitima, nawe huko msomee.

Ukilipokea debe, lipasue pembeni kwa panga, uuteremshe mti na udongo wake wote kwenye shimo. Usiung'oe, dada.

Ni mimi mdogo wako,
Rehani Mhina